Picha ya mwanao ikienda mtandaoni, sheria yasemaje?

Ramadhani ya mwaka jana, mpwa wangu wa miaka 11 alipigwa picha akipokea unga. Ilikuwa huku Likoni, mbele ya nyumba ya jirani, ambako kikundi kimoja cha msaada kilikuwa kikigawa vyakula kabla ya magharibi. Dada yangu alikuwa kazini ng'ambo ya kivuko, kwa hivyo alimtuma mtoto akapange foleni kwa niaba yake. Mtoto akapewa pakiti mbili za unga, chupa ya mafuta na tende. Akaambiwa asimame kando ya bango la kikundi, ainue pakiti moja, atabasamu. Akatabasamu.

Usiku huo picha ilikuwa Facebook. Chini yake paliandikwa jina lake, mtaa wake, na kwamba anatoka katika familia isiyojiweza. Siku ya tatu ilikuwa imeingia katika kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa lake. Wiki iliyofuata wenzake shuleni walikuwa wamempa jina jipya: Unga.

Dada yangu hakukasirishwa na msaada. Aliupokea kwa shukrani, na anayejua bei za vyakula siku hizi anajua kwa nini. Kilichomkera ni kitu kimoja tu, na alikirudia mara nyingi nilipokwenda kumwona: "Mbona hawakuniuliza?"

Nilimwambia kwamba swali lake si la hasira tu, ni la kisheria. Hakuniamini. Wengi hawaamini. Kwa hivyo hebu tulieleze jambo hili polepole, kwa sababu linawagusa walimu, maalim wa madrasa, wanasiasa, wasimamizi wa makundi ya WhatsApp na sisi wazazi wenyewe.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba 2019. Mzizi wake umo katika Katiba ya 2010: kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha, na kifungu cha 53 kinasema masilahi ya mtoto ndiyo yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Data ya kibinafsi, kwa maana ya sheria hii, ni habari yoyote inayoweza kumtambulisha mtu. Jina ni data. Picha ni data. Sauti, nambari ya simu, alama ya kidole, ile nambari ya UPI anayopewa mwanafunzi anaposajiliwa shuleni, zote ni data. Tena kuna habari ambazo sheria inazihesabu kuwa nyeti zaidi, zikiwemo afya, dini, mali na mambo ya familia ya mtu. Majina ya wazazi wako na ya watoto wako yamo katika orodha hiyo ya mambo nyeti. Likumbuke hili, maana tutalirudia tukifika kwenye basari.

Kuhusu watoto, kifungu cha kusoma ni cha 33. Kinasema asitumie mtu data ya mtoto mpaka mambo mawili yatimie. La kwanza, mzazi au mlezi awe amekubali. La pili, matumizi yenyewe yawe yanalinda na kuendeleza haki na masilahi ya mtoto. Yote mawili kwa pamoja. Yaani hata mzazi akisema "haya, mpigeni," bado aliyeshika kamera anapaswa kujiuliza picha ile inamfaa nini mtoto. Mtoto anayeonyeshwa kama maskini wa mtaa ili wafadhili waguswe anafaidika nini na picha? Unga angeupata bila picha. Mimi sioni jibu zuri la swali hilo, ingawa najua wenye vikundi wana lao: wafadhili wanataka ushahidi kwamba chakula kimefika. Ni kweli wanataka. Lakini ushahidi waweza kuwa daftari lenye sahihi, au picha ya mikono na magunia bila sura ya mtoto.

Idhini yenyewe nayo ina masharti. Lazima mzazi aambiwe picha ni ya nini na itakwenda wapi, na akubali kwa hiari. Ukitokea ubishi, mzigo wa kuthibitisha kwamba idhini ilitolewa uko kwa yule aliyeitumia data, hauko kwa mzazi. Na mzazi aliyekubali leo anaweza kubadili nia kesho akasema basi, na akisema basi, ni basi. Shule nyingi za binafsi siku hizi huweka mstari mdogo mwishoni mwa fomu ya kujiunga: shule inaweza kutumia picha za mwanafunzi katika matangazo yake. Mzazi anatia sahihi ukurasa mzima kwa kuwa anataka nafasi ya mtoto. Sheria inataka iangaliwe kama mtu alikubali kwa hiari au huduma aliyoihitaji ilifungwa pamoja na idhini hiyo. Nikiwa mzazi ningeukata mstari huo kwa kalamu, nikatia sahihi kando yake, kisha nikaomba nakala.

Anayedhani haya ni maneno ya vitabuni na akumbuke Septemba 2023. Tarehe 26 mwezi huo, Kamishna wa Data, Bi Immaculate Kassait, alitangaza faini dhidi ya taasisi tatu. Moja ilikuwa kampuni ya mikopo ya simu, nyingine ni klabu ya burudani iliyochapisha picha ya mteja wake. Ya tatu, iliyopigwa faini kubwa kuliko zote, ilikuwa Roma School ya Uthiru, Nairobi: Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa shule kuadhibiwa hivyo nchini. Si kwamba picha zilikuwa za aibu. Zilikuwa za watoto wa shule tu, kama zile zinazojaa kwenye kurasa za shule zetu kuanzia Mtongwe hadi Mikindani kila siku ya michezo. Kosa lilikuwa kutouliza.

Mwezi huo huo, kule Ireland, msimamizi wa data aliitoza TikTok yuro milioni 345 kwa namna ilivyoshughulikia akaunti za watoto. Nayataja haya mawili pamoja ili ieleweke kwamba Kenya haikuwa imejitungia kioja chake peke yake. Faini za kwetu zina kikomo, hata hivyo: Sh5 milioni, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Kwa kampuni kubwa hicho ni kitu kidogo. Kwa shule ya mtaani ni mabasi mawili yaliyokuwa yanunuliwe.

Shule, isitoshe, haiwezi kujificha nyuma ya udogo wake. Biashara ndogo zimesamehewa kujisajili na Afisi ya Kamishna wa Data, lakini kanuni za 2021 zinataka wanaoendesha taasisi za elimu wajisajili hata kama mapato yao ni haba. Walio kwenye orodha hiyo pamoja nao ni wanaoomba kura. Mheshimiwa anayegawa viti vya magurudumu akiwa na mpiga picha watatu nyuma yake, nawe umo.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo naona limezoeleka hadi watu hawalioni tena. Nalo ni orodha za basari.

Kila msimu wa basari, iwe ya kaunti au ya hazina ya eneo bunge, orodha hubandikwa ukutani kwa chifu au kwenye afisi ya wadi. Kufikia adhuhuri mtu keshaipiga picha, na jioni inazunguka kwenye makundi kutoka Mlaleo hadi Chaani. Kuna jina kamili la mtoto, shule yake, nambari yake ya usajili, kiasi alichopewa. Nimeona pia orodha yenye safu ya ziada iliyoandikwa "hali": yatima, mzazi mmoja, mzazi mgonjwa. Fomu za basari huuliza mambo haya kwa sababu kamati inayahitaji ili kuamua nani apewe kwanza. Ni sawa kamati ijue. Lakini aliyeandika kwenye fomu kwamba babake amefariki alikuwa akizungumza na kamati, hakuwa akizungumza na wadi nzima.

Kuna hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Pesa hizi ni za umma. Orodha isipobandikwa, watu wataanza kuuliza, na wana haki kuuliza, kama majina ya watoto wa wakubwa yamejazwa humo. Huku kwetu hatujasahau miaka ambayo majina yalitoka na wenye shida hawakuwemo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na mimi nisingependa mtu atumie ulinzi wa data kama pazia la kuficha wizi.

Lakini yapo mambo ya kufanya katikati. Ubaoni yabandikwe majina ya shule, idadi ya wanafunzi waliosaidiwa kwa kila shule, na jumla ya pesa. Kila mwombaji apewe nambari ya fomu, na orodha ya waliofaulu itoke kwa nambari hizo. Mzazi aijue yake, jirani asiijue. Orodha kamili yenye majina ibaki afisini, na mwenye malalamiko ya haki aombe kuikagua mbele ya kamati. Safu ya "hali" isitoke nje ya chumba cha kamati kwa namna yoyote. Hakuna teknolojia hapo. Ni kazi ya karani mmoja na kalamu ya kufuta.

Nihame basari, nivuke hadi Kisauni, ambako picha za watoto zinaweza kufanya madhara makubwa kuliko jina la utani.

Tumekuwa na misimu ya vijana wa mapanga, na wakazi wa Kisauni na Likoni wanajua hofu yake kuliko mimi ninayeandika. Msako ukifanyika, picha husambaa: vijana wameketi chini mstari mmoja, mikono kichwani, sura wazi. Wengine kwa kuwaangalia tu utajua hawajafika miaka 18. Maneno yanayoambatana na picha huwa yamekwisha kuwahukumu. Baadhi yao hufikishwa mahakamani. Baadhi huachiliwa baada ya kuonekana walikuwa wakipita tu, au walichukuliwa dukani. Picha haiachiliwi pamoja nao. Kijana akienda kutafuta kazi hotelini Bamburi au kibarua Changamwe miaka mitatu baadaye, bado kuna mtu mwenye picha ile kwenye simu.

Sheria ya Watoto ya 2022 inalinda faragha ya mtoto, na mtoto aliye katika mikono ya sheria hatakiwi kutangazwa kwa jina, sura, shule wala makao. Haijalishi ametuhumiwa kwa nini. Mahakama itamhukumu ikibidi, lakini kundi la WhatsApp si mahakama. Najua aliyekatwa panga akitoka kazini hatanielewa, wala simlaumu. Namwomba tu afikirie kwamba katika ule mstari wa vijana wanane huenda yumo mmoja asiyehusika, na anaweza kuwa wa kwake.

Picha za uchi au za ngono za mtoto ni jambo jingine kabisa, na hapo faini za Kamishna si chochote. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inaweka kifungo cha hadi miaka 25, au faini ya hadi Sh20 milioni, au vyote viwili. Kuituma picha ya namna hiyo kwa wengine, hata kwa nia ya "kuwaonya wazazi wenzangu," ni kuisambaza. Ukiletewa, usiisambaze, ripoti polisi, au piga 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto.

Je, shangazi akimpiga mtoto picha harusini na kuituma katika kundi la familia, amevunja sheria? La. Matumizi ya nyumbani na ya kibinafsi hayamo katika sheria hii. Mambo hubadilika pale shangazi anapokuwa na ukurasa wa kuuza madera na mtoto ndiye mwanamitindo. Kazi ya uandishi wa habari nayo ina nafasi yake, mradi chapisho lina umuhimu kwa umma. Na wanaotoa ushauri nasaha au huduma za kumlinda mtoto peke yake hawalazimiki kumwuliza mzazi kwanza, jambo lenye busara, maana kuna nyumba ambamo mzazi mwenyewe ndiye anayemdhuru mtoto.

Mtoto akipotea pale feri au sokoni Kongowea, sambazeni picha yake mzazi akisharidhia, tena upesi. Akishapatikana, ifuteni. Nimeletewa mara tano picha ya mtoto mmoja aliyepatikana zamani.

Maalim wengi wameniuliza kuhusu mashindano ya Qur'ani, kwamba wazazi wenyewe hupenda kuona watoto wao wakisoma. Hapo njia ni nyepesi: kikaratasi kimoja mwanzo wa mwaka, mzazi achague ndiyo au la, na asiyetaka mtoto wake akae upande ambao kamera haifiki. Jina la kwanza latosha. Jina la baba, mtaa na madrasa vikiwekwa pamoja, mgeni yeyote anaweza kumsubiri mtoto njiani akamwita kwa jina kama mjomba wake.

Jambo moja linaloleta mkanganyiko ni umri. Facebook na TikTok huruhusu akaunti kuanzia miaka 13. Umri huo umetokana na sheria ya Marekani ya 1998, ambayo inawalinda walio chini ya miaka 13. Kwa sheria ya Kenya mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Kwa hivyo kijana wa Gredi ya 9 anayefungua akaunti peke yake ana ruhusa ya kampuni, lakini kwa macho ya kifungu cha 33 bado ni mtoto anayehitaji idhini ya mzazi. Sheria inataka kampuni ziwe na njia za kuhakikisha umri na idhini hiyo. Kwa vitendo, kijana huandika mwaka wa kuzaliwa autakao na mambo yakaendelea. Hapa sheria yetu imetangulia na utekelezaji uko nyuma sana.

Basi mzazi afanye nini akiikuta picha ya mwanawe mahali isipotakiwa? Kwanza ahifadhi ushahidi: skrinishoti yenye tarehe, jina la ukurasa na kiungo chake. Mara nyingi watu hukimbilia kugombana, picha ikafutwa, na ushahidi ukaenda nayo. Kisha awaandikie waliochapisha, kwa ujumbe au barua, akitaka ifutwe. Kanuni zinawapa siku 14 kujibu ombi la kufuta. Na kama waliipeleka kwa wengine, sheria inawataka wachukue hatua za kuwajulisha hao wengine kwamba mwenyewe ametaka ifutwe.

Wakikaidi, malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data, kupitia tovuti ya odpc.go.ke au kwa maandishi. Asiyejua kuandika anaweza kulalamika kwa mdomo, na maneno yake yaandikwe. Huhitaji wakili. Mzazi ndiye anayelalamika kwa niaba ya mtoto. Kamishna ana siku 90 za kuchunguza. Mbali na faini, inayokwenda serikalini, mwathiriwa anaweza kudai fidia, na sheria inatambua kwamba hasara si ya pesa tu: uchungu na fadhaa navyo vinahesabiwa. Kuitwa Unga darasani mwaka mzima, kwa maoni yangu, kumo humo.

Dada yangu hakufika huko. Aliniomba nimwandikie ujumbe, nikamwandikia, akausoma mara mbili na kuondoa maneno mawili aliyoyaona makali. Akautuma kwa aliyekuwa kiongozi wa kikundi, mtu mzima anayeheshimika mtaani. Alimpigia simu baadaye. "Asalaam aleikum mamangu," akasema, "sisi twafanya kwa ajili ya Mungu, hatukuwa na nia mbaya." Dada akamjibu, "Najua baba, na Mungu awalipe. Lakini kijana ni wangu."

Picha ilitolewa Facebook siku ya pili. Kwenye makundi bado ipo. Mimi mwenyewe nililetewa tena mwezi uliopita, na mtu asiyejua kwamba ni mpwa wangu. Ramadhani hii kikundi kiligawa tena pale pale. Walikuja na daftari, na safari hii bango lilipigwa picha likiwa peke yake, na magunia chini yake.